Alilala Siku Nne, Hakulazwa: Kisa cha Mkalimani Aliyesomea Utetezi wa Afya

Kisa hiki kilitokea Marekani, katika hospitali nisiyoitaja, kwenye mji nisioutaja. Mwanafunzi nitamwita Zawadi. Si jina lake. Mgonjwa nitamwita Mzee tu. Umri, mpangilio wa familia na mambo mengine madogo nimeyabadilisha, na tarehe zote nimeziondoa. Kuhusu tarehe nina sababu maalumu, nayo tutaifikia, maana ndiyo iliyomponza Zawadi. Mimi nilikuwa msimamizi wake wa mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo usinisome kama hakimu. Baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Nimewalenga wakalimani, wauguzi na wahudumu wa jamii wanaofikiria kusomea shahada ya uzamili ya utetezi wa afya, yaani kazi ya kusimama upande wa mgonjwa mbele ya hospitali na bima, ambao swali lao kubwa huwa moja: nikishaipata, nitakuwa nani?

## Usuli

Sarah Lawrence College, chuo kidogo katika jimbo la New York, kilianzisha shahada ya uzamili ya utetezi wa afya mwaka 1980, ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1973, Chama cha Hospitali cha Marekani kilikuwa kimetoa hati ya haki za mgonjwa, na baadhi ya hospitali zilikuwa zimeshaajiri watu wa kusikiliza malalamiko. Watu hao walitoka kila pembe: uuguzi, ustawi wa jamii, hata kujitolea tu. Hawakuwa na somo lao. Shahada ilikuja kuwapa somo hilo: sheria ya afya, maadili, historia ya mfumo, uchumi wa bima, mbinu za utafiti, namna ya kusikiliza simulizi ya mgonjwa, na miezi kadhaa ya kazi ya vitendo.

Kuna pia njia fupi. Tangu mwaka 2018 ipo bodi inayotoa mtihani wa cheti cha mtetezi wa wagonjwa, kinachojulikana kwa herufi BCPA, na cheti hicho hakidai shahada ya uzamili. Wanafunzi wengi hulijua hilo wakiwa katikati ya masomo na mkopo umeshasainiwa. Zawadi alilijua mapema, akachagua shahada hata hivyo.

Alikuwa mkalimani wa hospitali kwa miaka tisa, Kiswahili na Kiingereza, na wagonjwa wake wengi walitoka mashariki ya Kongo. Alikuwa na cheti cha ukalimani wa afya, kile cha jumla, kwa sababu hakuna mtihani wa cheti hicho unaopima Kiswahili chenyewe. Kanuni za maadili za wakalimani wa afya nchini humo, zilizotolewa mwaka 2004, alikuwa amezihifadhi kama sala: tunza siri, tafsiri kwa uaminifu, usipendelee upande. Kanuni hizo zinaacha mlango mdogo wa utetezi pale ambapo afya au utu wa mgonjwa uko hatarini, lakini mkalimani anayeupitia mara kwa mara hutazamwa kwa jicho baya.

Katika barua yake ya maombi ya chuo aliandika: "Nimechoka kuwa mfereji. Maji yanapita, mimi nabaki mkavu." Ndoto yake ilikuwa kufungua ofisi yake mwenyewe, mtetezi binafsi anayelipwa na familia, asiye na bosi hospitalini.

Mpango wa masomo ulikuwa hivi: nusu ya wiki aendelee kufanya ukalimani kwa mshahara, nusu nyingine afanye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya mahusiano ya wagonjwa, ile inayosikiliza malalamiko yao. Hospitali ileile. Nilisaini fomu. Ilikuwa rahisi kwa kila mtu, na urahisi huo ulipaswa kunitia wasiwasi.

## Kilichotokea

Mzee aliingia Marekani kama mkimbizi akiwa na miaka hamsini na ushei. Alifanya kazi kiwandani zaidi ya miaka 10, kwa hiyo alipofika uzeeni alikuwa na Sehemu A ya Medicare, bima ya serikali ya shirikisho kwa wazee, bila kuilipia ada ya mwezi. Siku moja alianguka bafuni. Picha ilionyesha ufa kwenye mfupa wa nyonga, wa aina isiyohitaji upasuaji. Alihitaji dawa za maumivu, mazoezi ya kutembea, na mtu wa kumshika mkono.

Alikaa hospitalini usiku nne. Alivalishwa gauni la wagonjwa, alifungwa kitambulisho mkononi, daktari alimtembelea kila asubuhi. Kwenye mafaili, hata hivyo, alikuwa kwenye kundi la wagonjwa wa "observation", yaani anayeangaliwa wakati daktari akiamua kama anahitaji kupokelewa rasmi. Mtu wa kundi hilo huhesabiwa kuwa mgonjwa wa nje hata akilala wiki nzima.

Tofauti hiyo ina bei. Medicare ya kawaida hulipia kituo cha uuguzi baada ya hospitali ikiwa mgonjwa amekaa siku tatu mfululizo kama mgonjwa wa ndani. Akitimiza sharti hilo, siku 20 za kwanza kituoni hulipiwa zote. Asipolitimiza, hapati hata siku moja.

Kwa sababu wazee wengi walikuwa wakilijua hilo mlangoni wakati wa kutoka, sheria ya mwaka 2015 iliamuru kila mgonjwa wa Medicare anayekaa kwenye uangalizi zaidi ya saa 24 apewe taarifa ya maandishi, na aelezwe kwa mdomo, kabla ya saa 36 kwisha. Hospitali zilitakiwa kuanza kutumia fomu yake Machi 2017. Mzee alipewa fomu hiyo. Alipewa usiku, kwa Kiingereza, na aliyemweleza kilichoandikwa alikuwa mjukuu wake, kijana wa shule aliyekuwa amekuja kulala naye. Mzee akatia sahihi. Simu ya mkalimani ilikuwa ukutani, hatua chache kutoka kitandani.

Siku ya kutoka, Zawadi aliitwa. Mratibu wa huduma alikuwa na habari moja: familia ilitaka Mzee aende kituo cha uuguzi, na Medicare isingelipa, kwa kuwa hakuwahi kupokelewa kama mgonjwa wa ndani. Zawadi akatafsiri kama alivyozoea: "Anasema Mzee hakulazwa."

Binti wa Mzee alimtazama, akatazama kitanda. "Dada, hakulazwa vipi? Na hapo alipolala siku nne ni wapi?"

Zawadi alinyamaza. Aliniambia baadaye kwamba sekunde zile ndizo zilizomsomesha kuliko muhula mzima. Kwa Kiswahili, mtu aliyelala hospitalini kwa agizo la daktari amelazwa. Hatuna neno la kutenganisha aliyelazwa kitandani na aliyelazwa kwenye hesabu. Na si hilo tu. Kwa miaka tisa alikuwa akilitafsiri lile kundi jingine kuwa "yuko kwenye uangalizi". Sikiliza neno hilo kwa sikio la Mswahili. Chumba cha uangalizi maalumu ndicho cha wagonjwa mahututi. Uangalizi maana yake unatazamwa zaidi, hukuachwa. Familia zilikuwa zikisikia neno lile na kushukuru.

"Miaka tisa," alisema, "nimekuwa nikiwapa watu habari mbaya kwa sauti ya habari njema."

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza aliufanya palepale, na ulikuwa sahihi. Alimwambia mratibu kwa Kiingereza, kisha familia kwa Kiswahili, kwamba sasa anasema kama mkalimani na si kwa niaba ya mtu yeyote: neno alilotumia halibebi tofauti inayozungumzwa, anaomba ielezwe upya bila neno hilo. Mratibu, mama mvumilivu, alieleza upya kwa dakika kumi. Kanuni za ukalimani zinaruhusu hivyo, tena zinakutaka ufanye hivyo. Mtu asingehitaji shahada.

Uamuzi wa pili ulifanyika jioni ileile, nje ya chumba, na huu ndio uliogharimu. Darasani walikuwa wamejadili hukumu ya mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mwaka 2022 iliyowapa wagonjwa wa Medicare haki ya kukata rufaa kuhusu kundi waliloandikwa. Zawadi alimpa binti namba yake ya simu. Akamwambia: "Msikubali. Mpelekeni kituoni, tutakata rufaa." Familia ikamtegemea, kwani nani mwingine hospitalini alikuwa anazungumza nao bila haraka? Wakachanga, wakampeleka Mzee kituo cha uuguzi kwa fedha zao wenyewe, wakisubiri rufaa.

Hukumu ile ina masharti. Inamhusu mgonjwa aliyepokelewa kwanza kama mgonjwa wa ndani, kisha hospitali ikamrudisha kwenye uangalizi. Aliyewekwa kwenye uangalizi tangu mwanzo hana mlango huo, na hata utaratibu wa rufaa ulioanza kutumika mwaka 2025 haukumfungulia. Zawadi alilijua sharti hilo. Alikuwa ameliandika kwenye daftari la darasani. Lakini hakuomba kuona rekodi kabla ya kuahidi. Familia ilipata nakala ya mafaili siku ya kumi. Mzee alikuwa kwenye uangalizi tangu saa ya kwanza.

Alijaribu hoja nyingine: kanuni ya mwaka 2013 inayosema kwamba daktari akitarajia mgonjwa kuhitaji huduma ya hospitali kupita usiku wa manane mara mbili, kwa kawaida ampokee kama mgonjwa wa ndani. Usiku nne si zaidi ya mbili? Ni zaidi, lakini kinachohesabiwa ni usiku wenye matibabu ya hospitali. Maumivu ya Mzee yalikuwa yametulia siku ya pili. Usiku uliobaki ulikuwa wa kutafuta pa kumpeleka, na huo hauhesabiki.

Siku ya kumi na moja Mzee alirudi nyumbani. Na hapa kuna jambo linaloniuma hadi leo. Medicare hulipia huduma ya uuguzi na mazoezi nyumbani bila sharti la siku tatu hospitalini, mradi daktari athibitishe kwamba mgonjwa ni vigumu kutoka nyumbani na anahitaji huduma ya kitaalamu kwa vipindi. Mzee alistahili tangu siku aliyoruhusiwa. Zawadi alilisoma jambo hilo muhula wa kwanza na mimi ninalijua usingizini, lakini hakuna kati yetu aliyelitaja, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunauliza nani amekosea. Hakuna aliyeuliza Mzee anahitaji nini kesho asubuhi.

Uamuzi wa tatu ulihusu daftari jingine. Akiwa na hasira ya rufaa iliyokufa, Zawadi aliniletea kijitabu alichokuwa akiandika kwa miezi tisa: tarehe, wodi, neno lililotumika, nani alieleza fomu. Hakuna jina hata moja. Nilikisoma nikamwambia, "Kazi nzuri." Nikamruhusu akiambatishe kwenye ripoti yake ya mafunzo na kukiwasilisha kwenye kikao cha ofisi.

Kwenye kikao alikuwapo mtu wa ofisi ya uzingatiaji wa sheria. Sheria ya faragha ya afya ya mwaka 1996, HIPAA, na kanuni zake, zina orodha ya vitambulisho 18 vinavyopaswa kuondolewa kabla taarifa haijahesabiwa kuwa haina utambulisho wa mgonjwa. Jina ni kimoja. Tarehe ya kuingia au kutoka hospitalini ni kingine. Unaruhusiwa kubakiza mwaka peke yake. Na nje ya sheria hiyo, mkalimani hapaswi kutoka chumbani na alichokisikia. Ripoti ilikuwa imeshapakiwa kwenye mfumo wa chuo. Zawadi alipewa onyo la maandishi, na mafunzo yake yakasimamishwa mwezi mzima. Mimi nilipewa mazungumzo marefu, ambayo nilistahili.

Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Hakuituma. Badala yake alifanya uamuzi wa nne, na ninaamini hapa ndipo shahada ilipolipa. Alirudi kwenye somo la mbinu za utafiti, akajiuliza: ninachotaka kukijua, nani anacho tayari kihalali? Hospitali yenyewe. Kila fomu ya uangalizi iko kwenye mfumo, kila mgonjwa ana lugha aliyoandikisha, na kila mkalimani akitumika namba yake huandikwa. Alituma swali la mistari mitatu kwa idara ya ubora, akiomba wao wenyewe wahesabu: kati ya fomu zilizosainiwa na wagonjwa wasiotumia Kiingereza, ni ngapi zina namba ya mkalimani? Hakuomba kuona faili hata moja.

Uamuzi wa tano ulikuwa kujitoa kwenye shauri la Mzee. Hilo lilimuuma kuliko onyo. Familia ilikabidhiwa kwa shirika la nje la msaada wa wakimbizi, na binti akaandika malalamiko rasmi kwa maneno yake: baba yake alielezwa na mtoto. Kanuni zinazotekeleza sheria ya afya ya mwaka 2010 haziruhusu hospitali kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwenye dharura ambapo hakuna mwingine kwa wakati huo. Kutia sahihi karatasi hakukuwa dharura.

## Matokeo

Idara ya ubora ilihesabu. Sitataja idadi, ingewatambulisha. Ilitosha kuwatia aibu.

Hospitali ilibadilisha mfumo: fomu ya uangalizi ya mgonjwa asiyetumia Kiingereza haifungi bila namba ya mkalimani. Badiliko lenyewe ni kisanduku kimoja kwenye skrini. Pia ilimwomba Zawadi, pamoja na wakalimani wengine wawili, waandike maneno ya kusomwa kwa Kiswahili. Walikubaliana kuliacha kabisa neno kulazwa. Toleo la kwanza lilisomeka hivi: "Utalala hapa na utatibiwa, lakini kwenye hesabu za bima umeandikwa kama mgonjwa wa nje. Ukitoka hapa ukahitaji kituo cha uuguzi, Medicare huenda isikilipie." Mkalimani wa nne, ambaye hakushiriki kuyaandika, aliyarudisha kwa Kiingereza bila kuona ya awali, wakalinganisha.

Mzee hakupata nafuu yoyote ya kifedha kwa siku zile 11. Majibu ya malalamiko yalikuja kwa maandishi, kama kanuni inavyotaka: yalikiri kwamba maelezo ya mdomo hayakutolewa ipasavyo, yakaomba radhi, na yakasema kundi lake halibadiliki. Kuomba radhi hakulipi kituo. Huduma ya nyumbani ilianza wiki mbili baada ya siku ambayo ingeweza kuanza. Alirudi kutembea, kwa mkongojo.

Zawadi alimaliza shahada kwa kuchelewa muhula mmoja.

## Uchambuzi

Wanaokisikia kisa hiki hupenda kusema kwamba Zawadi alikuwa na moyo mkubwa na utaratibu mdogo. Si kweli. Alikuwa na utaratibu wa aina moja, wa mkalimani, na alikuwa anajifunza wa pili, wa mtetezi, na taratibu hizo mbili zinagongana kwenye jambo la msingi. Mkalimani huaminika kwa sababu hana upande. Mtetezi huaminika kwa sababu anao. Huwezi kuingia chumba kimoja asubuhi kama wa kwanza na jioni kama wa pili, na mgonjwa yuleyule. Wala haisaidii kwamba nia ni njema. Familia ilipochukua namba yake ya simu haikujua inaongea na nani kati ya hao wawili, na kwa kweli hata yeye hakujua.

Kosa hilo lilianza kwenye fomu ya mafunzo. Chuo kiliuliza kama mahali pa mafunzo pana bima, msimamizi na dawati. Hakikuuliza nani anamlipa mwanafunzi mahali hapo na kwa kazi gani, nami sikuuliza. Somo la maadili alilipata A, kwa insha kuhusu migongano ya maslahi, wakati akiishi ndani ya mmoja. Siku hizi nauliza swali hilo kabla ya kusoma jina la mwombaji.

Jambo la pili ni haraka ya elimu mpya. Mwanafunzi aliyejua hukumu ya mahakama wiki iliyopita huiona kila mahali, kama mtoto aliyepewa nyundo. Zawadi wa mwaka mmoja kabla, asiye na darasa, angesema, "Sijui, ngoja niwaulizie." Zawadi wa muhula wa pili alisema, "Tutakata rufaa." Elimu ilimpa ujasiri kabla ya kumpa tabia ya kuomba rekodi kwanza. Wasimamizi tuko pale kuziba pengo hilo, na mimi nilikuwa nashangilia. Kulikuwa na maswali mawili ya kuuliza siku ya kwanza: aliandikwaje saa ya kuingia, na ana Medicare ya kawaida, ya serikali yenyewe, au mpango wa Medicare unaoendeshwa na kampuni binafsi? Mipango mingi ya kampuni binafsi huondoa sharti la siku tatu. Maswali yote mawili yanajibiwa kwa dakika tano.

Kilichofanya kazi, tukiweka kando bahati, ni kuhama kutoka kwa mtu kwenda kwenye fomu. Mzee mmoja alikuwa ameshaumizwa na hakuna hoja iliyoweza kumrudishia siku zake. Fomu ilikuwa bado inatumika kila usiku. Kabla ya masomo Zawadi asingeiona. Angeona usiku mmoja mbaya na muuguzi mmoja mzembe. Baada ya masomo aliona kwamba muuguzi yule alikuwa na wagonjwa wengi, fomu yenye saa ya mwisho, na skrini inayokubali kufungwa bila mkalimani. Hilo ndilo jicho ambalo shahada hii inatoa kwa anayefanikiwa nayo. Lina gharama: ukishalipata, mtu aliye mbele yako huanza kuonekana kama mfano wa jambo. Nimewaona wahitimu walioishia hapo. Wanaongea vizuri sana kwenye makongamano.

Na neno "kulazwa" halikutoka chuoni. Hakuna profesa ambaye angeligundua. Lilitoka kwenye miaka tisa ya ukalimani na kwenye swali la binti mmoja aliyekasirika. Masomo yalimpa pa kulipeleka.

## Alichokuwa baada ya hapo

Hakufungua ofisi yake. Alifanya hesabu, akaona familia zinazohitaji mtetezi anayesema Kiswahili ndizo zisizoweza kumlipa. Mtihani wa BCPA aliufanya baadaye na kuufaulu, lakini si uliompa kazi.

Wahitimu wa fani hii wanapaswa kujua kwamba tangazo la kazi linalosema "mtetezi wa afya" ni nadra. Kazi zipo kwa majina mengine: mahusiano ya wagonjwa, uzingatiaji wa sheria, ubora, rufaa za bima, huduma za lugha, sera katika mashirika ya wagonjwa. Anayetafuta jina hukata tamaa. Anayetafuta fomu mbovu hupata pa kuanzia. Zawadi sasa ni mratibu wa huduma za lugha, hospitali nyingine, mji mwingine. Haingii tena vyumbani kutafsiri; alichagua upande mmoja akauacha mwingine, na anasema anakumbuka vitanda. Mshahara wake unatoka hospitalini, jambo ambalo barua yake ya maombi iliapa kutofanya. Nilipomkumbusha alicheka, akasema angalau sasa anajua bosi wake ni nani, na wagonjwa pia wanajua.

Maneno yale ya Kiswahili bado yanamsumbua. Toleo la kwanza lilidumu miezi michache. Mkalimani mmoja alimsomea bibi mmoja, naye alisikiliza mpaka "mgonjwa wa nje", akageukia dirishani, akauliza kwa upole: "Sasa mwanangu, mtanitoa nje saa ngapi? Maana kuna baridi."

Wakaliondoa. Toleo la sasa linasema "bima haijakuhesabu kama mtu aliyepokelewa hospitali", na Zawadi ameshaniandikia kwamba halimridhishi.